Kidonge cha Mama

Wagdi alimwinua mama yake kitandani, akamsogezea kidonge cha mwisho cha maumivu. Saratani ilishamfika mifupani. Vidonge vingine vyote alikuwa amevimeza Wagdi, huku akimwambia kwamba maduka ya dawa ya Shubra yameishiwa.

Mama hakufungua kinywa kukipokea. Aliushika mkono wa mwanawe, uliolowa jasho na kutetemeka.

"Kimeze wewe, mwanangu."

"Mimi siumwi, Mama."

"Unaumwa kuliko mimi. Najua tangu Ramadhani. Meza, halafu kesho nenda ukatibiwe."

Alitaka kukataa. Wallahi, alitaka. Lakini kidonge kilikuwa kimeshaanza kuyeyuka ulimini mwake, kichungu, alipomwona mama akikunja ncha ya shuka na kuing'ata, ili majirani wasisikie.