Sahani ya Hamadi

Sheria mpya haikuhesabu tena siku ambazo mtu amekaa nchini. Mkazi ni yule anayewekewa chakula, na mkazi hukatwa kodi ya kila anachochuma, hapa na ughaibuni. Ndiyo maana kila jiko la Tanga lilikuwa na jicho la serikali ukutani; liliona daima, ila lilisikia pale tu lilipouliza swali.

Saumu alitoka kuoga akakuta kawa mezani, na jicho limegeuka manjano. "Mama! Umefunika nini?"

"Wali wa mwanangu Hamadi," alijibu mama mkwe wake, Bi Mwanakombo. "Hata akiwa Maskati, chake kiwekwe. Ndivyo tulivyolelewa."

"Watamfanya mkazi! Mshahara wake wa huko utakatwa, na dawa zako tutazinunua kwa pesa gani? Picha zake tumeshaficha zote, halafu sahani moja ije ituponze?"

Akafunua kawa, akaanza kuula wali ule bila hata kuketi.

Jicho likauliza kwa sauti ya upole, "Sahani hiyo ni ya nani?"

"Yangu," alisema Saumu, mdomo umejaa.

"Na baba wa nyumba hii yuko wapi?"

Bi Mwanakombo alifumba macho. Kabla Saumu hajajibu, Zuhura, binti yake wa miaka minne, akajibu kutoka mkekani bila kufundishwa na mtu.

"Sisi hatuna baba."

Jicho likarudi kijani. Saumu akaacha kutafuna.