Dari Mpya ya Eudoxia

"Idumu muda gani?" fundi Orestes aliuliza tena, akidhani hakusikia vizuri.

"Wiki tatu zinatosha," alisema Eudoxia. "Ila iwe nyeupe, fundi. Nyeupe ya kuumiza macho."

Orestes alikuwa amepiga lipu nusu ya nyumba za Havana, lakini kazi ya kijinga namna hii hakuwahi kupewa. Alishuka kwenye ngazi, mwiko mkononi.

"Mama, ugonjwa hauko kwenye dari. Uko juu, bafuni kwa yule bwana. Asipoziba bomba lake, maji yakirudi tu utaniita."

"Sitakuita."

Maji hayakuwa yamepanda tangu pampu ya jengo iungue. Ndiyo maana dari ilikauka. Kabla ya hapo, kwa miaka minne, Wifredo wa juu aliacha bomba livuje na kuosha sakafu kwa ndoo kila Jumamosi, na chumba cha mama yake Eudoxia kikanyeshewa. Mwezi wa nne kipande cha zege kilimwangukia bi kizee nyongani. Hakusimama tena, na mwezi wa sita wakamzika. Wifredo hakuteremka hata kutoa pole.

"Jengo kuukuu hili, jirani," alisema kutoka dirishani. "Mimi nifanyeje?"

Eudoxia aliapa mbele ya jeneza kwamba mtu huyo atalipa.

Kwa hiyo Orestes alishangaa kumwona akimkaribisha. Wifredo alikuwa akipita na ndoo yake ya maji, magoti yakimlilia, mlango ukiwa wazi. Eudoxia alimpa kiti uani, kwenye kivuli, na kikombe cha kahawa.

"Loo, dari ya askofu hii!" Wifredo alisema, shingo juu. "Na ua wote huu peke yako! Mimi ngazi hizi zitaniua, jirani."

"Pole, kaka. Nikuongeze sukari?"

Alipoondoka, Orestes alinong'ona, "Kahawa! Mimi ningempa sumu."

Eudoxia akacheka kijino pembe.

Siku ya nne Wifredo alikuja na chupa yake ya ramu, na "jirani" ilikuwa imegeuka "dada yangu". Waliongea uani hadi chupa ikaisha. Wiki iliyofuata wakaenda pamoja kwa mwanasheria, wakatia sahihi. Orestes alipopata habari alifurahi sana: hatimaye mkaidi yule amekubali kuziba bomba.

Jumamosi pampu ikapona. Eudoxia aliamka mapema, akavua viatu, akajaza ndoo tatu na kuzimwaga sakafuni moja baada ya nyingine, taratibu, bila kuruka kona. Kisha akalala kifudifudi kwenye maji, akatega sikio, amsikie Wifredo akiamka huko chini, katika nyumba ambayo yeye mwenyewe alimbembeleza Eudoxia wabadilishane.