Bwana Harusi wa Mkia Mrefu

Siku ya tatu tangu Kombo arudi nyumbani, mama yake, ambaye uzee ulikuwa umempokonya kumbukumbu, bado alimwita mgeni. Walikuwa wameketi barazani ndege mdogo alipodaka nzi hewani, kisha akatua kwenye kamba ya nguo.

“Mtazame,” mama alisema. “Kichwa cheusi chenye kishungi, pete ya buluu machoni, mkia mrefu wa rangi ya kutu. Huyo dume. Mwanangu Kombo alikuwa akimwita bwana harusi.”

Kombo aliuliza, “Yuko wapi huyo Kombo?”

“Kaenda kusoma. Atarudi tu.”

Ndege akarukia kwenye mpera. Mama akainuka, akamshika Kombo mkono kama alivyokuwa akimshika utotoni.

“Njoo taratibu,” alinong'ona, “usimtishe.”

Wakanyata pamoja juu ya majani makavu.