Vitone Vitatu vya Kijani

Kila mtu mle ghalani aliona vitone vitatu. Gideoni aliona sita, na vyote vilikuwa vinacheza.

"Mnaviona?" aliuliza Charles, mwenye kampuni ya ulinzi, akiinua bastola mpya gizani. "Viwili nyuma, kimoja mbele. Ukivipanga mstari mmoja, umelenga. Havina betri wala waya. Ndani yake mna vichupa vya kioo vyenye gesi, vinawaka vyenyewe usiku na mchana."

"Naviona vizuri sana," alisema Gideoni, kabla hajaulizwa yeye.

Ulikuwa uongo, na haukuwa wa kwanza. Miaka ile kila mwenye meza na simu pale Dodoma alikuwa anafungua kampuni, na Gideoni, aliyepunguzwa kazi serikalini, alikwenda kwa Charles akajieleza kuwa ni mlenga shabaha wa zamani wa jeshi. Jeshini alikuwako kweli. Alikuwa mpishi.

Alikuwa na wiki tatu tu kazini ilipopatikana nafasi kwenye gari la kupeleka fedha Mtera: buti mpya, posho, na kiti cha mbele. "Aliyekuwapo ameacha kazi," Charles alieleza, akaita walinzi waje kujaribiwa. Mmoja akaumwa tumbo. Mwingine akafiwa na shangazi. Wa tatu akakumbuka ghafla mpunga wake wa Bahi. Gideoni hakuhitaji kuambiwa: walikuwa wanamwogopa yeye. Akabaki mshindani mmoja, Joha, binti wa Kondoa aliyepitia mafunzo ya JKT, mtu wa maneno machache.

"Kesho mtapiga risasi sita sita, humu humu," alisema Charles. "Atakayetoboa karatasi yake atapanda gari. Mkikosa wote, namchukua Joha, maana ndiye kijana. Na wewe mzee wangu, kama macho yamechoka sema mapema, tuagane kwa heshima."

"Macho gani, bosi?" Gideoni alicheka. Hakuna aliyemsaidia kucheka.

Kwa kuwa kuona kulimshinda, akahamia kwenye kusema. Alasiri ile alimkalisha Joha juu ya gunia, akashika bastola isiyo na risasi na kitambaa, akaanza somo.

"Vitone hivi ni kama mboni ya jicho, mwanangu. Usivisafishe kwa petroli. Usivichokonoe kwa njiti. Kitambaa laini, kikavu, basi. Wala usiianike bastola juani eti ipate mwanga. Mwanga wake inao yenyewe."

"Na vikififia?"

"Vitafifia, lakini polepole, miaka na miaka. Hakuna kinachokaa milele."

Joha alisikiliza kwa adabu. Kisha, taratibu, akaigeuza ile bastola mikononi mwa mzee. "Vitone viko huku juu, baba. Hapo unafuta mshikio."

Kesho yake wakafunga milango ya ghala. Zamani lilijaa mahindi ya ushirika. Tangu wafanyabiashara waanze kujinunulia wenyewe vijijini, lilijaa popo. Mwisho kabisa, mbele ya mifuko ya mchanga, karatasi mbili nyeupe zilipata mwanga kidogo kutoka kwenye matundu ya misumari. Ya kushoto ilikuwa ya Gideoni, ya kulia ya Joha. Wangepiga pamoja.

Gideoni akainua bastola. Vitone vyake sita vikavutana, vikachanganyika, vikawa mlenda. Akafumba macho yote mawili, kwa kuwa hata hivyo hayakuwa na kazi, akavuta triga. Risasi ya kwanza ililia juu kwenye bati. Ya pili vilevile. Ilipofika ya sita alikuwa anaomba jambo moja tu: asiue popo.

Milango ikafunguliwa. Charles akaenda kwenye karatasi, akazikagua moja baada ya nyingine. Ya Joha haikuwa na hata mkwaruzo. Ya Gideoni ilikuwa na matundu sita, yote yangefunikwa na kisosi cha chai.

"Mbukwa, mzee!" Charles alimwamkia upya kwa Kigogo, kama mtu anayekutana na mkubwa wake. Kisha akatazama juu. "Na wewe Joha, umenitobolea bati lote!"

Joha akainamisha kichwa. "Samahani, bosi. Niacheni tu getini."

Gideoni akaikunja karatasi yake, akaitia mfukoni. Alikuwa ameelewa: binti alimwona mzee anaelekea kuaibika, akampigia karatasi yake, akameza yeye lawama. Alijicheka njia nzima hadi mtaani kwake Chang'ombe, pale pale Dodoma, mpishi aliyelenga shabaha kwa mkono wa mtu mwingine. Alipofika mlangoni kwake aligundua kuwa anafuta machozi. Hakuna aliyewahi kumhurumia namna ile.

Asubuhi ya safari ya kwanza aliomba gari lisimame kwenye geti alilopangiwa Joha. Akashuka na buti zilizomzidi namba moja na kikapu cha zabibu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja kukushukuru. Risasi zile ni zako, najua. Umeniokoa."

Joha hakukipokea kikapu.

"Usinishukuru, baba. Nisamehe."

"Nikusamehe nini tena?"

Dereva akapiga honi. Joha akalitazama gari, akamtazama mzee.

"Aliyekuwa kwenye kiti hicho hakuacha kazi. Majambazi walimpiga risasi njiani, tukamzika. Na aliyemtangulia pia," alisema. "Mimi nina mtoto wa miezi minne, baba. Nikaona wewe chumvi umeshaila ya kutosha."