Chanjo Bila Chale

Bibi alikataa kuinuka kwenye benchi la kliniki. Mjukuu wake alikuwa amedondoshewa matone mawili kinywani, akalamba midomo, na nesi akaita mtoto mwingine.

“Nimemleta mume wangu achanjwe,” alisema bibi. “Wewe umemnywesha maji. Chale iko wapi?”

Kina mama kwenye foleni wakaangua kicheko. Nesi hakucheka. Alichuchumaa mbele yake.

“Bibi, chale hazipo siku hizi, limebaki neno ‘kuchanja’ tu. Matone haya yana virusi vya polio vilivyopunguzwa makali. Mwili wake unakariri sura ya virusi hivyo. Siku vile vikali vikija, vitakuta vinasubiriwa mlangoni.”

“Kwa matone mawili?”

“Mawili tu. Chanjo nyingine nyingi ndizo za sindano.”

Bibi akaguna. Akapandisha mkono wa gauni hadi begani, kwenye kovu la duara lililokunjamana kama kitovu.

“Mimi nilichanjwa ndui. Dada yangu alikimbia, akajificha. Ndui ikamchukua.”

Nesi aliligusa lile kovu kwa ncha ya kidole, taratibu. Kovu kama hilo alikuwa ameliona vitabuni tu.

“La ndui mimi sina,” alisema.

“Hukuchanjwa?”

“Hapakuwa na haja. Mlichanjwa nyinyi, ndui ikakosa pa kwenda. Imekwisha duniani kote.”

Bibi akamgeukia mjukuu, akamfungua kinywa kwa kidole, akachungulia chini ya ulimi.

“Meza, mume wangu,” alisema. “Meza yote.”