Kumsindikiza Asiyeonekana

Kisimani walikuwa wakisema kwamba kile kitu hakikuvunja mlango wa mtu, kilipiga hodi kikakaribishwa. Maneno hayo hayakumtoka Mama Siwema kichwani, kwa sababu yalikuwa kweli. Bintiye ndiye aliyeitikia "karibu" akiwa jikoni, bila kuchungulia, na mlangoni hapakuwa na mtu.

Tangu hapo sauti ya huyo asiyeonekana ikaishi nao. Ilivuta mashuka, iliiga kikohozi cha baba, na ilimfinya Siwema mpaka mikono ikawa na alama. Majirani walikuja kuisikiliza na kucheka.

Asubuhi moja ikasema, "Siwema mwanangu, leo nakukaba shingo."

"Huyo si mwanao," mama akasema. Akafunga kanga kiunoni, akafungua mlango wazi kabisa. "Mgeni, umekaa sana. Twende nikusindikize."

"We mama, na jua hili? Nitachoka!"

"Utapumzika mbele."

Mumewe akanong'ona, "Mke wangu, unaongea na hewa."

"Hewa haifinyi mtoto, baba Siwema."

Akapita katikati ya mahindi akipiga soga nayo, kama anayemsindikiza wifi yake, mpaka mwisho wa shamba. Hapo akaiaga, akageuka kurudi nyumbani bila kutazama nyuma.

Kwa hiyo wewe mwenye watoto: usiitikie hodi kabla hujaona uso. Usicheke kitu hicho kinapoongea. Usikizoee. Na ukishakisindikiza, usitazame nyuma, hata ukisikia mahindi yanachakacha mgongoni pako.