Zamu ya Fundi

Fundi aliburuta jeneza la mwisho hadi nyuma ya nyumba, akalifunika turubai pamoja na mengine, kisha akarudi sebuleni kunusa. Harufu ya vanishi ilikuwa bado ipo. Akafungua madirisha, akaanza kufuta vumbi la mbao kwenye kila pembe.

Leo ilikuwa zamu yake. Kila Kwaresima jumuiya yao ilisali nyumba kwa nyumba. Mwenye nyumba husoma neno la siku, hutoa tafakari kidogo, watu husali, hunywa chai na kuagana. Na kila Kwaresima nyumba ya fundi ilirukwa. Mara mvua, mara ratiba imekosewa, mara mwenyekiti ana mafua. Si kwamba walimchukia. Ila chai ya mtu anayepiga randa majeneza barazani kwake, nani ana hamu nayo? Walimtania kwamba akikusalimia anakupima urefu. Fundi alicheka nao njiani, akifika kwake kicheko kinaisha.

Mkewe ndiye aliyekataa kucheka. Miaka yote hiyo hakukosa kwenda kusali kwa mtu. Hata sasa, akiwa amelazwa hospitali na moyo wake uliochoka, jambo hilo lilimkera kuliko sindano.

"Safari hii watakuja," alimwambia mumewe jana, akiwa ameegemea mto. Sauti yake ilikuwa imeanza kupata nguvu. "Nimeongea na Mama Mwenyekiti mwenyewe. Kwa hiyo kesho usije huku. Kaa uandae nyumba. Uji wataniletea wenzangu."

"Na wasipokuja?"

"We panga viti tu, baba."

Basi akapanga. Aliazima mabenchi shuleni, akayabeba mwenyewe kichwani. Akajaribu kusoma neno la siku kwa sauti, kidole kikifuata mstari. Moyoni alitarajia watu watano. Wakifika watano, angemwambia mkewe walikuwa kumi.

Walianza kuingia kabla maji hayajachemka. Wa kwanza alikuwa mshonaji, jirani ambaye siku zote akifika usawa wa nyumba hii alivuka barabara. Leo mchana ndiye aliyekuwa na zamu ya kupeleka uji hospitali. Aliushika mkono wa fundi kwa mikono yake yote miwili, akakawia kuuachia.

"Mgonjwa wangu umemwachaje?" fundi aliuliza.

"Nilimkuta amelala, baba."

"Mwacheni alale. Usingizi ndio dawa."

Mshonaji alipita moja kwa moja jikoni, akaanza kuosha vikombe vilivyokuwa safi.

Akaja mwenye duka, amebeba mikeka kwapani. Ikaja kwaya. Wakaja hata watu wa jumuiya ya ng'ambo ya barabara, ambao zamu hii haikuwahusu kabisa. Mabenchi yakajaa, watu wakakaa barazani, wengine wakasimama uani. Mwishowe akaingia padri mwenyewe, siku ya kazi, viatu vyake vimejaa vumbi kama mtu aliyetembea kwa haraka.

Fundi jasho lilimtoka kwa furaha. Alizunguka na birika huku akiomba radhi: viti havikutosha, sukari ni kidogo, mwenye jiko hayupo. Alikuwa akijisimulia kichwani jinsi atakavyomweleza mkewe kesho, ataanza na nani na amalizie na nani. Mama Mwenyekiti akamfuata, akamnyang'anya birika taratibu.

"Kaa, fundi. Leo usihangaike."

"Wageni wahangaike, mimi nikae? Mwenzangu akisikia nitalala nje."

Hakuna aliyecheka. Fundi akasema moyoni, ndiyo Kwaresima hii, watu wameacha hata utani.

Mama Mwenyekiti alimtazama padri. Padri akavua miwani. "Fundi," mama akaanza, "kabla hatujasali..."

"Najua, mama, tafakari isiwe ndefu. Nitafanya haraka. Nimejifunza wiki nzima."

Akasimama, akafungua Biblia. Lilikuwa neno la mgeni aliyekaribishwa. Aliruka mstari mmoja, akarudi, akausoma upya. Kisha akakifunga kitabu, akakikumbatia kifuani.

"Mimi si msemaji," alisema. "Lakini nikiwatazama hapa, hakuna nyumba yenu ambayo sijaingia. Kwa mshonaji niliingia alipoondoka mama yake. Kwa mwenye duka, siku ile ya mtoto. Nilipitia mlango wa nyuma, nikashusha nilichobeba, nikaondoka kabla hamjaniona. Nilijua hamtaki kuniona. Sikuwalaumu, hata mimi nisingependa kujiona. Ila nilikuwa namwomba Mungu jambo moja. Kwamba siku moja niwaone ninyi nyote kwangu, mmekaa, mnakunywa chai, na pasiwe na msiba. Leo amenipa. Nawashukuru. Mwenzangu alisema mtakuja, mimi nikabisha."

Kule jikoni kikombe kilianguka, na mshonaji akaangua kilio. Mwenye duka aliinamisha uso hadi magotini. Fundi aliwatazama mmoja mmoja, akitabasamu kwa aibu. Hakuwa amejua kwamba maneno yake yangeweza kumgusa mtu kiasi hicho.

Padri akainuka, akaja kusimama nyuma ya fundi. Mama Mwenyekiti akapiga magoti mbele yake, akaichukua Biblia mikononi mwake na kuiweka kando.

"Baba," alisema, "tumeshaagiza kwa fundi mwingine. Jeneza la mkeo hutalitengeneza wewe."